Hija ya miguu kutoka Dar hadi Bagamoyo: panga kuanzia ufukweni

Mara ya kwanza tulipomaliza hija ya miguu kutoka Dar hadi Bagamoyo, tulifika tukakuta bahari haipo. Siku tatu tumetembea, watu kumi na wanne, tunaimba, tunasali, tunapakana mafuta miguuni, na kila mmoja anawaza jambo lilelile: nifike msalabani, nipige magoti, kisha niingie majini na hii miguu inayowaka. Tukafika saa nne na nusu asubuhi. Mbele yetu matope ya kijivu, kaa wadogo wanakimbilia mashimoni, mashua mbili zimelala ubavu, na maji yenyewe ni kistari mbali kule. Mzee mmoja alikuwa kivulini anashona wavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu. Mmetokea wapi?"

"Dar, kwa miguu."

Akaitazama miguu yetu, akatazama baharini. "Sasa mwezi hamkuutazama?"

Gari la kurudi tulikuwa tumelikodi saa saba mchana. Maji yangerudi alasiri. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa amebeba chupa tupu tangu Posta, achote maji ya bahari ampelekee mumewe aliyekuwa amelala kitandani miezi kadhaa, naye aguse mwisho wa safari ile. Alirudi na chupa tupu.

Tangu siku hiyo nimeshaongoza kundi letu tena na tena, na nimejifunza kuipanga hija hii kinyumenyume: kwanza saa ya kugusa maji, halafu misa, halafu kilomita ya mwisho, halafu mahali pa kulala, na tarehe ya kuondoka Dar ndiyo inakuja mwishoni kabisa. Mwongozo huu unafuata mpango huo. Mimi ni Mkatoliki na nimeuandika kwa mazoea ya kwetu, lakini habari za miguu, jua, barabara na maji ni za mtu yeyote.

Anza na mwezi

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda sana na kukimbia mbali sana. Kwa pwani yetu hii, siku hizo hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mwezi ukiwa nusu mambo hugeuka: maji hujaa mnamo saa nne, ila ni maji mafu, hayapandi sana wala hayaendi mbali. Ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare, kwa hiyo maji yakishuka mita tatu tu, wewe unaachiwa uwanja mzima wa matope.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, ufike siku ya mwezi nusu, saa nne asubuhi, ukute maji ya wastani, umalize mapema. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoipenda, upange siku ya tatu iangukie mwezi mpevu au kesho yake, ugonge maji saa kumi au saa kumi na moja jioni. Faida yake ni mbili kwa pamoja: alfajiri za mwisho unatembea na mbalamwezi, tochi inabaki mfukoni, na jioni ya mwisho bahari imekuja yenyewe kukupokea. Kama hujui mwezi umefika wapi, muulize jirani yako Mwislamu leo ni tarehe ngapi ya mwezi. Ya kumi na nne hadi ya kumi na sita ndiyo unayoitaka. Ukishapata tarehe, hakikisha saa kwenye jedwali la maji, au pita kwa wavuvi wa Feri au Kunduchi uwaulize. Wao hawabahatishi, ndiyo kazi yao.

Kuhusu msimu sitazunguka sana: Juni hadi Agosti. Joto limepungua, masika yameisha, na kusi linavuma kutoka nyuma yako, kwa sababu unaelekea kaskazini. Januari na Februari utatembea na kaskazi usoni na jua la kukaangia samaki. Machi hadi Mei kaa nyumbani.

Barua, watu na gari

Kundi zuri ni watu kumi hadi ishirini. Wakizidi hapo, wa mbele wanapomaliza rozari wa nyuma bado wako fumbo la tatu kati ya matano, na kuvuka barabara kunakuwa mtihani.

Mwezi mmoja kabla, mwombe paroko wako barua ya utambulisho. Hiyo barua ndiyo itakayokufungulia ukumbi wa parokia au kigango utakapolala, na ndiyo utakayomwonyesha mwenyekiti wa mtaa au kijiji akiuliza nyie ni nani mnaolala kwake. Kituo cha polisi nacho kipewe taarifa mapema kwa maandishi, hasa kama mtatembea na bendera, spika au msalaba mkubwa. Na uwapigie simu wa Bagamoyo uombe misa au walau padre wa kuwabariki pale msalabani, kwa saa uliyoipata kwenye jedwali la maji. Kundi moja nililolijua lilifika kukiwa na harusi tatu kanisani. Walipata baraka ya haraka pembeni, kati ya bibi harusi wa kwanza na wa pili.

Gari la kusindikiza si anasa. Kirikuu, ile pikapu ndogo, inatosha, hata bajaji inatosha: maji, sanduku la dawa, mikeka, na nafasi ya kumpakia atakayeshindwa. Dereva asitambae nyuma yenu barabarani, huko ni kuita ajali. Atangulie kilomita nne au tano, aegeshe mahali salama nje ya lami, awasubiri, mkishamfikia atangulie tena.

Chagueni pia mtu wa mkiani. Huyu ndiye mtu muhimu kuliko kiongozi anayeshika msalaba mbele. Kazi yake ni moja: hakuna anayebaki nyuma yake. Awe mtu asiye na haraka na asiyechoka maneno, kwa maana atasikiliza malalamiko ya siku tatu.

Miguu

Watu wengi wanaoshindwa hija hii hawashindwi na mapafu, wanashindwa na vidole. Viatu vipya usithubutu. Raba nzuri ya mtumba uliyoinunua soko la Karume na kuivaa miezi miwili inashinda raba mpya ya dukani iliyotoka kwenye boksi juzi. Iwe kubwa kidogo kwa mbele, kwa sababu mguu huvimba ukitembea kutwa. Kata kucha siku mbili kabla, si asubuhi ya safari. Paka mafuta ya mgando katikati ya vidole na kisiginoni, vaa soksi kavu, na ubadilishe soksi kila mnapopumzika mchana. Mapajani pia paka, hasa wanene wenzangu. Michubuko ya huko hakuna anayeitangaza lakini wote tunaijua kwa mwendo. Beba na ndala au yeboyebo za kuvaa jioni, mguu upumue.

Lengelenge dogo liache, lifunike kwa plasta. Kubwa linalouma, osha kwa sabuni, litoboe pembeni kwa sindano safi, kamua maji taratibu, ngozi ya juu usiibandue hata kidogo, kisha plasta. Mwenye kisukari asitoboe wala asitembee peku hata hatua moja. Yeye aonane na daktari kabla ya safari na akague miguu kila jioni, akisaidiwa na mwingine kutazama nyayo.

Mazoezi: wiki sita kabla, kila Jumamosi, anza kilomita nane, panda hadi kumi na nane. Zoezi letu la mwisho huwa ni kwenda Pugu kwa miguu, kituo cha hija cha hapahapa Dar. Kuna kilima cha kupima magoti, na kuna cha kutafakari: misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa pale mwishoni mwa miaka ya 1880 ilishambuliwa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, na baadhi ya wamisionari wakauawa. Asiyeweza kwenda Pugu na kurudi nyumbani akiwa anacheka, mwombeeni, lakini Bagamoyo aende na gari.

Siku ya kwanza: Posta hadi Tegeta

Kwa jumla ni kama kilomita 65 hadi 70, kutegemea unapoanzia na vichochoro unavyochagua. Sisi tunaanzia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, pale Sokoine Drive, kwenye jengo la zamani linalotazamana na bandari. Misa fupi saa kumi alfajiri, na kabla ya saa kumi na moja tuko njiani.

Usiingie moja kwa moja Ali Hassan Mwinyi kupambana na magari. Fuata Barabara ya Barack Obama, bahari ikiwa kulia kwako, uvuke Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022. Lina njia ya waenda kwa miguu na urefu wake unapita kilomita moja kidogo. Rozari nusu inaisha hapo juu, upepo unapiga, jua linachomoza upande wa bahari. Ukishuka uko Coco Beach. Kutoka hapo tafuta Mwai Kibaki, ile ambayo wakongwe bado tunaiita Old Bagamoyo, uifuate kupitia Mikocheni hadi Kawe, kisha utokee barabara kubwa ya Bagamoyo upande wa Mbezi Beach. Baada ya hapo ni Tangi Bovu, Africana, hadi Tegeta. Kama kilomita 25.

Kanuni ya barabarani ni kutembea upande wa kulia, magari yakija usoni mwako uyaone. Mstari mmoja, wa mbele na wa mkiani wavae vizibao vya kung'aa. Bodaboda wanaokuja pembeni ya lami kutoka nyuma ndio hatari ya kweli. Spika ya nyimbo ikizidi sauti hamtawasikia. Spika izimwe pia mkikaribia msikiti wakati wa swala. Hilo halihitaji kuambiwa, lakini kundi likishapandwa na mori wa kuimba linasahau.

Saa nne na nusu mtafute kivuli, mle, mlale. Muendelee saa tisa na nusu. Huu ndio utaratibu wa siku zote, na wabishi hujitokeza siku ya kwanza wakisema bado wana nguvu. Waambie wazitunze.

Maji ya kunywa: kidogo kidogo kila robo saa, usisubiri kiu. Maji matupu kutwa nzima hayatoshi kwa mtu anayetoka jasho hivyo. Beba pakiti za ORS, au changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Dafu nalo halijawahi kumwangusha mtu. Ukimwona mwenzako ameanza kuongea ovyo, anayumba, au ngozi imekuwa ya moto sana, hapo hakuna cha kumalizia fumbo: kivuli, alazwe, amwagiwe maji, apepewe, gari liitwe, hospitali.

Siku ya pili: kuivuka Mpiji

Siku hii haina maneno mengi. Tegeta, Boko, Bunju, kisha daraja la mto Mpiji, na hapo umetoka Dar es Salaam umeingia mkoa wa Pwani. Sisi husimama upande wa pili, tunasoma majina ya waliotuomba tuwaombee, kisha Mapinga, halafu Kerege. Barabara ni nyembamba kuliko jana na malori yana haraka zaidi. Mnalala Kerege au jirani yake, kadiri mlivyokubaliana na wenyeji.

Ni siku mbaya, nisikudanganye. Mwili umeshagundua kwamba si matembezi ya jioni, na mwisho bado hauonekani. Ugomvi wote niliowahi kusuluhisha ulitokea kati ya Bunju na Mapinga. Mara moja ilikuwa juu ya nani amekaa mkao wa kuegemea begi la mwenzake. Dawa yake ni uji wa moto saa kumi na mbili jioni na watu kuoshana miguu. Beseni, maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo, kila mtu amwoshe aliyegombana naye. Msiseme kitu. Osheni tu.

Siku ya tatu: fikeni mjini, msifike mwisho

Hapa ndipo makundi mengi huharibu. Mnatoka Kerege alfajiri sana, mnapita Zinga, mnapita Kiromo, na kuanzia hapo wenye nguvu wanaanza kunusa bahari. Mwendo unaongezeka bila mtu kuagiza. Vijana wanafika mjini nusu saa kabla ya kina mama, wanakimbilia ufukweni, wanapiga picha, wanamaliza. Kina mama wakifika sherehe imeshapoa.

Kwa hiyo gawa mwisho mara mbili. Asubuhi mnafika Bagamoyo mjini, mnasimama hapo. Si ufukweni, si misheni: mjini. Mnaoga, mnakula, mnalala hadi saa nane. Kanisani hamjaingia, bahari hamjaiona. Wa mkiani anafika, anahesabu watu, anathibitisha. Mwenye malengelenge mabaya anafungwa upya. Walioshindwa njiani wakapanda gari wanashuka hapa, waungane na wenzao, kwa sababu kilomita ya mwisho ni ya wote. Sijawahi kuona mtu aliyepanda kirikuu Mapinga akashindwa kuitembea hiyo moja.

Saa tisa mnapanga mistari miwili. Mzee kuliko wote na mtoto kuliko wote ndio wanaotangulia, na hakuna ruhusa ya kuwapita. Hivyo mwendo unakuwa wa mzee, na ndio mwendo sahihi. Mnaingia njia ya misheni, ile yenye miembe mikubwa pande zote, na kuanzia hapo tunanyamaza. Hakuna wimbo, hakuna spika. Unasikia nyayo tu, mtu akivuta mguu unamjua ni nani bila kugeuka.

Mbele ya kanisa wengi huwa wanataka kuingia. Subirini. Piteni pembeni, teremkeni hadi kwenye msalaba ulio upande wa bahari. Ni alama ya mahali walipofikia Wamisionari wa Roho Mtakatifu mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, na ndiyo maana Bagamoyo huitwa mlango wa imani kwa bara zima. Mnamaliza safari yenu pale wao walipoianza ya kwao. Hapo sala ya pamoja, fupi. Nimehudhuria za saa nzima, na nimeona watu wakizimia.

Kuingia majini

Kama ulihesabu vizuri, saa kumi maji yako jirani. Usiwaachie watu wakimbie. Waingie kwa zamu, wawili wawili wameshikana mikono, mwisho magotini. Watu wa bara wako katika kundi, na mtu aliyetembea siku tatu misuli yake inaweza kukaza ghafla majini.

Buruza nyayo chini kwenye mchanga, usikanyage kwa kunyanyua. Samaki aina ya taa hulala wamejifukia, ukimgusa pembeni anakimbia, ukimkanyaga anachoma kwa mwiba wa mkia. Vaa ndala zenye mkanda, kuna vichupa na magamba ya chaza. Mwenye kidonda kilicho wazi anawe mikono na uso, miguu aiache. Ule usemi kwamba maji ya bahari huponya kila kitu haujui usaha wa wiki inayofuata. Mnaotoka wote mnaosha miguu kwa maji baridi na sabuni, mnakausha, hasa katikati ya vidole.

Na heshima ya mji. Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi, wametupokea vizuri miaka yote. Kina mama wajifunge khanga, vijana wasitembee vifua wazi mtaani. Kuoga kwa kuvua nguo pale mbele ya msalaba haikubaliki hata kwa mapadre wetu.

Jambo moja la kando. Hispania, mahujaji wanaofika Santiago de Compostela, baadhi yao huendelea kama kilomita 90 hadi Finisterre, waione bahari, na wengine walijijengea mazoea ya kuchoma viatu huko. Kijana mmoja wa kwetu alisoma hilo mtandaoni akaja na kiberiti. Raba ni plastiki tupu, moshi wake unanuka hadi soko la samaki. Osha, anika, vaa mwakani, au mgawie mtu.

Baada ya maji

Sasa ndiyo ingieni kanisani, na kama mnalala, tumieni asubuhi ya kesho kutembelea misheni kwa utulivu. Weka akiba ya kiingilio cha makumbusho. Pango la Bikira Maria, lililojengwa na watu waliokombolewa utumwani. Makaburi ya wamisionari. Soma miaka yao, wengi waliondoka wakiwa vijana, malaria. Mnara wa kanisa la kwanza la mwaka 1872.

Kwenye mnara huo kaa kidogo. David Livingstone alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, hadi hapa. Februari 1874 mwili ulilazwa kanisani humo kabla ya kuvushwa Zanzibar, na Aprili ukazikwa London, Westminster Abbey. Susi na Chuma hawakuwepo kwenye mazishi. Walipofika pwani walilipwa ujira wao wakaachwa. Kila ninapokuwa pale huwa nafikiria jioni yao ya kwanza bila mzigo: walikula nini, walilala wapi, nani aliwauliza miguu inaendeleaje.

Jina la mji lenyewe watu husema ni bwaga moyo, na hapo wanagawanyika. Kuna wanaosema ni wapagazi wa misafara ya Ujiji na Tabora, waliotembea mamia ya kilomita na mizigo mabegani, wakifika hapa wanatua mzigo na moyo unatulia. Kuna wanaosema ni watumwa, waliofika hapa wakabwaga mioyo kwa kukata tamaa, kwa maana mbele ni jahazi. Njia ilikuwa ileile. Sisi huzisema zote mbili kwenye sala.

Kuhusu sherehe ya usiku, onyo la kihistoria. Desemba 1889 mvumbuzi Stanley alifika hapa Bagamoyo kutoka bara na msafara wake, pamoja na Emin Pasha, gavana aliyekwenda kumwokoa, baada ya safari ndefu ya njaa na vifo. Wajerumani wakawaandalia karamu. Usiku uleule Emin, aliyekuwa haoni vizuri, alianguka kutoka ghorofani akaumia kichwa vibaya, akabaki hospitali wakati Stanley anaondoka. Alivuka nyika yote, akaangushwa na dhifa. Kwa hiyo chakula kwanza, cha kawaida: wali, samaki wa kukaanga, supu ya pweza kwa anayeiamini. Pombe subirini kwenu. Saa tatu watu walale, na anayelala ghorofani ashuke ngazi huku ameshika ukuta, maana magoti ya siku ya tatu hayaaminiki.

Kurudi

Usirudi usiku uleule kama unaweza. Asubuhi pandeni magari yanayokwenda stendi ya Makumbusho, Dar, au lile mlilokodi, na mkae mkinyoosha miguu kila mnaposimama. Ukifika nyumbani mguu ukivimba upande mmoja tu na kuuma nyuma kwenye shavu la mguu, usiseme ni uchovu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kucha nyeusi itadondoka yenyewe, iache. Kwa siku mbili tatu tembea kidogo kila asubuhi badala ya kulala kutwa, misuli hulegea haraka zaidi.

Anayetaka kubeba maji ya bahari, atumie chupa ya mfuniko wa kuzungusha, aifunge juu kwa nailoni, aishike mkononi, asiiweke ndani ya begi pamoja na simu. Yule mama alikuja tena mwaka uliofuata na chupa yake ileile. Safari hii maji tuliyakuta, akaijaza hadi shingoni, akaipakata mapajani tangu stendi ya Bagamoyo. Tulipofika Bunju joto limepanda ndani ya gari, konda akaiona, akamwomba walau funda moja.

"Haya yana chumvi, baba," akamwambia. "Ngoja nikununulie ya dukani."